Mdhamini Kumbe Mtani

Kama hukunisoma juma lililopita, hujapitwa na kitu ila aibu zangu. Naitwa Revelian. Nina shahada ya rasilimali watu, na baada ya kuzunguka Dar es Salaam nzima na bahasha ya kaki mpaka kona zake zikalika, nimepata kazi ya majaribio kwenye karakana ya samani ya Bi Yasmini, Gongo la Mboto.

Wale wa tangu mwanzo mnamkumbuka pia shangazi yangu Kokuberwa wa Tegeta, aliyenilea. Ndiye aliyewaambia wenzake wa jumuiya ya kanisani kwamba niko Kanada. Aliona haya kusema mtoto wake ana shahada na hana kazi. Mpaka leo nikienda kumsalimu naingia kwa mlango wa uani.

Nilipopata kazi nilidhani uongo huo umefika mwisho.

"Bado," shangazi alisema. "Wakisikia uko Gongo la Mboto uso wangu nitauweka wapi? Subiri uthibitishwe kazini. Tutasema umerudi na mkataba."

Basi nikawa mtu wa Kanada anayelala Gongo la Mboto. Hapo ndipo nilipowaachia.

Sasa sikieni yaliyofuata.

Karakana ya jirani yetu ilikutwa na mafundi wa kigeni wasio na vibali, kila mmoja na kadi ya taifa ya kuazima mfukoni. Mwenye karakana akafungiwa milango. Bi Yasmini, mzaliwa wa Temeke asiyeogopa hata radi, akaogopa.

"We msomi," akaniambia, "niandikie utaratibu. Mtu akiingia hapa nataka nijue kwao ni wapi, mpaka kitovu chake kilipozikwa."

Nikaandika Mwongozo. Sijui kama umewahi kuandika kitu ukakipenda hata ukajisomea kwa sauti ukiwa peke yako. Mimi nilijisomea mara mbili.

Kipengele cha kwanza: kadi peke yake haitoshi. Cha pili: apigiwe simu mtu anayemjua mwombaji, kwa maana binadamu hutambuliwa na binadamu wenzake. Cha tatu ndicho kilichofanya machozi yanilengelenge: utaratibu huu ni wa wote, bila kujali cheo.

Hicho cha tatu kiwekeni akilini.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Mzee Albano, Mmakonde wa Newala, karibu na mpaka wa kusini, anayeishi Pugu, fundi wa kuchonga nakshi za milango. Bi Yasmini alimtaka kama mgonjwa anavyotaka dawa, maana alishapokea oda ya milango ya nakshi na hakuwa na wa kuichonga. Mzee Albano naye alishaachia kibanda chake cha barabarani, mwenzake akahamia siku hiyohiyo. Hakuwa na pa kurudi.

Mdhamini aliyemtaja ni jirani yake, Mzee Nurdin.

Nikapiga simu, nikaweka spika ili Bi Yasmini aone utaratibu unavyofanya kazi.

"Shikamoo, Mzee Nurdin."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Revelian, afisa rasilimali watu. Namuulizia Albano wa Pugu."

Kikaja kicheko kidogo, kama cha mtu aliyefunua sufuria ya mboga akakuta nyama.

"Albano? Yule Mmakonde?"

"Ndiye. Tunataka kuthibitisha kama ni raia wa Tanzania."

"Raia! Kijana, umekaa?"

"Nimekaa."

"Kaa vizuri. Huyo alivuka mto Ruvuma kutoka ng'ambo ya mpaka amekalia gogo. Wenzake wanapiga kasia, yeye anatafuna muhogo mbichi. Gogo lenyewe ndilo analolichonga mpaka leo, halijaisha."

Bi Yasmini akashika shavu.

"Ana kibali cha kuishi nchini?" nikauliza.

"Kibali? Huyo hata usingizi analala kwa kujificha."

"Na hilo jina la Albano ni lake kweli?"

"Lilikuwa la mbuzi wa padri. Mbuzi alipokufa, akalirithi."

Nikaandika yote. Na mbuzi nikamwandika.

Simu ilipokatika, Bi Yasmini alikuwa amesimama. "Mpigie afisa wa ukaguzi wa vibali. Sasa hivi! Wasije wakatukuta, bora tujipeleke."

Nikampigia. Upande wa pili akapokea mama mmoja mwenye sauti ya upole, akajitambulisha kwa jina la Bupe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kesho mchana nitakuwa hapo," alisema. "Huyo mzee awepo. Na huo Mwongozo wenu uwepo."

Nilifurahi. Hatimaye mtu wa serikali anakwenda kuusoma Mwongozo wangu.

*

Asubuhi Mzee Albano akaja na mfuko wa patasi begani. Miguuni alivaa buti mpya zinazong'aa, na alikuwa akitembea kwa uangalifu kama zimewekwa mayai.

"Sesilia kaninunulia," akasema kabla sijauliza. "Binti yangu. Anasema baba wa kiwandani haendi na kandambili."

"Mzee, karibu ukae. Kuna ishu kidogo."

"Nimekaa. Sema."

"Ni kweli ulivuka Ruvuma?"

"Nilivuka lini?"

"Juu ya gogo."

Akanitazama. Akatazama mlango, kama anayetafuta mtu mzima wa kuzungumza naye. "Nani kakwambia?"

"Mdhamini wako."

"Nurdin?"

"Ndiye."

"Nurdin Myao?"

"Kabila lake silijui, mzee. Mwongozo hauulizi kabila."

Mzee Albano akaanza kucheka. Alianza taratibu, kisha akajishika mbavu, kisha akateremka kitini akachuchumaa kabisa na buti zake mpya. Mie nimesimama na faili langu.

"Mwanangu! Umempigia simu mtani wangu ukamuulizia habari zangu? Ulitegemea anisifie?"

Nikalifunga faili. Utani wa makabila naujua, nani asiyeujua? Lakini kwenye simu utani hauna uso.

"Sasa mzee," nikasema kwa uchungu, "kwa nini umtaje mtani awe mdhamini?"

Kicheko kikakatika. Akainuka polepole.

"Ningemtaja nani? Mke wangu alipofariki, ndugu walikuja wakalia wakaondoka. Nurdin ndiye aliyechimba. Kaburi lilipokamilika akalala humo mwenyewe, akakataa kutoka. Akasema marehemu hawezi kulala pembamba hivi, alishazoea kubanwa na mimi, apanuliwe. Watu wote makaburini wakacheka. Na mimi nikacheka, siku ile! Bila yule Myao ningeingia shimoni na mie." Akajifuta macho kwa kiganja. "Hakuna anayenijua kama yeye. Ukiniuliza tena leo, nitamtaja yeyeyule."

Nikamweleza kwamba afisa anakuja mchana. Nikamweleza kwamba bila neno la Nurdin kufutwa, Bi Yasmini hamruhusu kushika hata msasa.

Sasa hakucheka. Aliziangalia buti.

"Twende Pugu," akasema.

*

Mzee Nurdin tulimkuta barazani kwake kwenye cherehani, anapindua kola ya shati kuukuu. Alipotuona hakusimama.

"Aa, wameshakukamata? Wamekuletea na askari mwembamba hivi?"

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Mimi ndiye niliyekupigia jana."

"Marahaba, kijana. Sauti yako nimeitambua. Umeigiza vizuri, ila nilikugundua mapema."

"Sikuigiza. Ilikuwa simu ya kweli."

"Haya, haya."

"Mzee, ni ya kweli. Umesababisha anyimwe kazi."

Mguu wake ukasimama kwenye pedeli. Akamtazama Albano. Albano hakujibu kwa tusi, na nadhani hilo ndilo lililomtisha.

"Albano. Kweli?"

"Kweli."

"Mungu wangu. Mie nilidhani umemtuma! Si mwaka jana ulinipandikizia kijana mwenye sauti laini kama hii, akajifanya wa benki, nikavaa suti juani kumsubiri? Na msibani juzi si nilikufichia viatu? Nikasema, leo analipiza. Nikamwaga yote."

"Mpaka mbuzi wa padri," nikasema.

"Mbuzi nilimwongeza kwa furaha." Alishachomoa shati kwenye cherehani. "Ngoja nivae kanzu. Huyo afisa nitamwambia mwenyewe."

Nilitaka kumkumbatia. Binadamu hutambuliwa na binadamu wenzake! Mwongozo wangu haukukosea, ulichelewa tu. Njiani nilikaa katikati yao, nikawaomba kitu kimoja.

"Wazee wangu, tukifika pale, tafadhali, hakuna utani."

"Utani wa nini tena?" akasema Nurdin. "Hili ni jambo zito."

"Zito kabisa," akasema Albano. "Kwa kichwa chake litamwelemea."

*

Afisa Bupe alishafika. Mama wa makamo, mnene, mkoba mkubwa mapajani, soda mkononi. Alikuwa anausoma Mwongozo wangu na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Moyo ukanichanua.

"Mzee Nurdin ni wewe?" akauliza. "Jana ulisema huyu mwenzako alivuka mto?"

"Nilisema, mama, lakini ule ulikuwa utani. Sie Wayao na hawa Wamakonde ni watani. Leo nasema kweli."

Bi Yasmini akadakia. "Tutajuaje kwamba utani si wa leo?"

"Mama, naapa. Albano kazaliwa Newala. Kaja Dar kijana. Tumejenga pamoja Pugu tangu barabara ya vumbi. Watoto wake wamelelewa barazani kwangu. Mkewe nimemzika kwa mikono hii. Ni Mtanzania, na ni mtu mwema."

Yalikuwa maneno mazuri. Afisa Bupe akaanza kuandika, na mimi nikashusha pumzi niliyoibana tangu Pugu.

Mzee Albano akakohoa.

Nilimwona. Nilimkanyaga buti kabisa. Haikusaidia, buti zilikuwa ngumu.

"Usimwamini sana, mama," akasema. "Myao tangu azaliwe hajawahi kumaliza sentensi moja ya kweli."

"Unasikia?" Nurdin akaruka. "Unasikia shukrani za mtu wa gogo?"

"Na kaburi analojisifia alilichimba pindapinda!"

"Lilipinda kwa sababu nilipima kwa kufuata miguu yako!"

"Nyie!" Bi Yasmini akapiga meza. "Mzee Albano, huyu anakutetea wewe!"

"Najua, mama," akasema Albano, na sura yake ilikuwa ya mtu anayesikitika kweli. "Linatoka lenyewe."

Afisa Bupe alikuwa ameziba mdomo kwa kalamu, mabega yanamtikisika. Alipopata sauti akasema, "Hata kwetu Tukuyu watani tunao. Mimi nimeelewa. Lakini nimekuja na taarifa iliyoandikwa. Siwezi kurudi ofisini nikasema nimeifuta kwa sababu nimecheka."

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo rahisi tu. Aliyeiandika taarifa ndiye aifute. Aandike kwamba alichosikia kilikuwa utani, aweke saini. Mzee ataanza kazi leoleo."

Rahisi! Mzee Albano alishainua mfuko wake wa patasi. Nilichukua karatasi, nikachukua kalamu.

"Subiri kwanza," akasema Afisa Bupe. Alikuwa bado ameushika Mwongozo. "Huu nani kauandika?"

"Ni mimi, mama."

"Hongera. Hasa hiki kipengele cha tatu. Bila kujali cheo. Nimekipenda sana."

"Asante sana," nikasema. Fikirieni, nikasema asante.

"Wewe alikuhakiki nani?"

Nikamtazama Bi Yasmini. Bi Yasmini akanitazama mimi.

"Mimi niliajiriwa kabla ya Mwongozo," nikasema. "Lakini kadi ya taifa ninayo, hii hapa."

"Naiona. Ila ninyi mmeandika kadi peke yake haitoshi." Akafungua ukurasa. "Na saini ya mtu asiyehakikiwa itafutaje taarifa ya mtu mwingine? Nyumbani ni wapi?"

"Kagera, mama. Missenyi."

"Mpakani."

"Karibu na mpaka. Upande wa huku."

"Hata Newala ni upande wa huku," akanong'ona Mzee Nurdin.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na huu nilikuwa nimeuchonga mwenyewe nikaupaka rangi. Afisa Bupe alikuwa anaongea kwa upole uleule, bila nia mbaya hata chembe. "Simu moja tu, tumalize. Mdhamini wako nani?"

Bi Yasmini akafungua faili langu. "Kokuberwa. Shangazi yake, Tegeta."

Nikaikumbuka Kanada.

"Mama, labda nimpigie mimi kwanza," nikasema. "Nimsalimu. Huwa ana presha."

"Kipengele cha pili kinasema mwombaji asiongee na mdhamini kabla ya mhakiki." Alisoma kwa kidole. "Umefikiria kila kitu wewe."

Akapiga, akaweka spika.

Simu ilipopokelewa, kitu cha kwanza kusikika hakikuwa sauti ya shangazi. Ilikuwa kwaya. Kina mama wanaimba, vikombe vinagongana. Nikakumbuka leo ni siku gani. Jumuiya ilikuwa nyumbani kwake.

"Haloo?"

"Habari za mchana, mama. Nazungumza na Bi Kokuberwa? Naitwa Bupe, napiga kutoka ofisi ya serikali. Ni kuhusu Revelian."

"Revelian wangu?" Sauti ya shangazi ikapanda.

Wimbo ukakatika. Nyuma nikamsikia Mama Avelina, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye siku moja alinifumania uani kwa shangazi akaniuliza kama nimerudi likizo, nami nikajibu ndiyo, baridi ilizidi.

"Ni Revelian wa Kanada?" Mama Avelina aliuliza. "Mama, weka spika nasi tusikie!"

Mlio. Shangazi akaweka spika.

"Mama," akasema Afisa Bupe, "nina swali moja tu. Revelian ni raia wa Tanzania?"

Nikafungua mdomo. Afisa Bupe akainua kidole, nikaufunga.

Tegeta nzima ilinyamaza. Hata vikombe. Mzee Albano alisimama na mfuko wake kifuani, ameukumbatia kama mtoto. Nilimwomba Mungu ampe shangazi yangu dakika moja ya unyenyekevu, moja tu, hata kama ni ya mkopo.

Akasafisha koo. Kikohozi hicho nakijua tangu utotoni. Ndicho kilichokuwa kikitangulia kila alipowasomea wageni matokeo yangu ya darasani.

"Alikuwa," akasema shangazi.

"Alikuwa?"

"Alikuwa, mwanangu. Huyo kwa sasa ni mtu wa Kanada kabisa. Wamempa uraia wenyewe, hata hakuomba."

Vigelegele! Jumuiya nzima ikapiga vigelegele, spika ya simu ikakwaruza.

"Na Tanzania akija kufanya kazi, ana kibali?"

"Kibali? Revelian haombi kibali. Wao ndio wanamwomba!"

Simu ikakatwa kwa wimbo wa shukrani.

Bi Yasmini alikuwa ananitazama jinsi alivyonitazama siku ya mbuzi wa padri. Mzee Nurdin akaniinamia sikioni.

"Kijana, yule naye ni mtani?"

"Hapana, mzee. Ni shangazi yangu. Ananipenda."

"Pole sana, mwanangu. Mtani tungemtoza jogoo, yakaisha. Anayekupenda utamtoza nini?"

Afisa Bupe alifunga Mwongozo. Akachukua karatasi mpya kabisa kutoka kwenye mkoba. Ule upole wa mwanzo ulikuwa umekwenda zake.

"Mzee Albano, weka mfuko chini. Lako haliwezi kufutwa mpaka nimjue huyu ni nani." Akanigeukia. "Bwana Revelian, tuanze upya. Nchini umeingia lini, na umeingia kwa njia gani?"

Nilitaka kusema juu ya mlango wa uani, juu ya bahasha ya kaki, juu ya haya za mwanamke mmoja mwema wa Tegeta. Nikawageukia wazee wangu wawili, angalau mmoja aniombee. Mzee Albano alikuwa ameuma mdomo, mashavu yamemvimba, macho yananiomba radhi kabla hajatenda.

"Kwa gogo," akasema.

Na Afisa Bupe akaandika.